Karani Aliyepima Gemu kwa Madaraja ya Pamba

"Kwanza kanawe."

Hilo ndilo neno la kwanza mtu alilolisikia kwa Karani, awe mteja mpya au mgeni aliyeingia akidhani pale wanauza vocha. Ndoo yenye koki ilikaa mlangoni, kipande cha sabuni juu ya mfuniko, na pembeni kitaulo nilichomshonea mimi kwa mabaki ya vitambaa. Hukunawa, hukushika pedi ya gemu. Nimemwona mwenyekiti wa mtaa akisugua vidole pale mlangoni huku vijana wanamtazama, na alikuwa amekuja kucheza raundi moja tu kabla ya kikao. Karani alimkagua viganja, akamwonyesha kiti. Hakusema asante wala karibu.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu na banda lake la gemu viligawana ukuta pale Bariadi mjini kwa miaka kumi na minne, na ukuta wenyewe haukufika kwenye bati. Kwa hiyo alipogombana na wateja nilisikia, alipoimba nyimbo za kanisani huku anafuta TV vumbi nilisikia, na yeye alisikia cherehani yangu na, naamini, mambo yangu mengi ambayo hayakumhusu. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hayo nawaachia wenye kuyajua. Mimi namjua akiwa kazini. Na niseme mapema kwamba najivunia kuwa jirani yake, hata kama nusu ya miaka hiyo tulikuwa tumenuniana.

Jina la Karani alikuja nalo kutoka Dutwa, kwenye kituo cha kununulia pamba. Kule karani ndiye anayesimama kati ya mkulima na mzani. Mkulima analeta mzigo, karani anaingiza mkono, anatoa pamba, anaifungua kwa vidole, anaitazama kwenye mwanga, kisha anatamka: safi, au fifi. Safi ni ile nyeupe iliyochambuliwa vizuri. Fifi ni ile yenye majani, madoa, au iliyoharibiwa na wadudu. Neno la katikati halipo. Na ubaya mkubwa kuliko wote ni maji, maana wapo watu wanaoinyunyizia pamba maji ili iongeze uzito. Karani aliyajua maji kwa kuiweka pamba shavuni tu. Watu wa Dutwa wanasema hakukosea hata mara moja, na mtu akisema hivyo mbele yake hakubisha wala hakutabasamu.

Alipofungua banda la gemu mjini, alikuja na jicho lile lile.

Gemu aliyoipenda ilikuwa moja, tena ya zamani sana, ya mtu mwenye kapu kichwani anayekimbia kutoka kushoto kwenda kulia, akiruka mawe na makorongo na kuinama ndege wakali wasimdonoe, mpaka afike sokoni. Jina lake la kigeni lilikuwa kwenye lebo, kwa maandishi ambayo hakuna mtu wa mtaani kwetu aliyeweza kuyasoma. Sisi tulimwita Mchukuzi. Gemu hiyo moja ilikuwepo bandani kwa namna nne. Kulikuwa na Mchukuzi wa kaseti, aliyechezwa kwenye mashine ndogo iliyounganishwa na TV ya chogo. Kulikuwa na wa mkononi, kwenye kimashine cha kijivu kisicho na rangi. Kulikuwa na wa kompyuta, kwenye kompyuta nzito aliyoipata kwa watu waliofunga kafe ya intaneti. Baadaye akaja wa simu.

Mtu mwingine angesema hiyo ni gemu moja, cheza uende zako. Karani alisema ni mizigo minne iliyotoka shamba moja, na kila mzigo lazima upimwe peke yake. Akapaka rangi nyeusi kipande cha plaiwudi, akakigawa safu nne, akakitundika ukutani. Chini ya kila safu aliandika neno moja kwa rangi nyeupe. Wa mkononi, safi. Wa kompyuta, safi. Wa simu, fifi. Wa kaseti, fifi.

Neno lake likishatoka lilikuwa halirudi. Hapo ndipo mimi na yeye tulipopishana, kwa sababu Mchukuzi niliyemjua mimi, niliyekaa naye, niliyemfikisha sokoni kwa mikono yangu, alikuwa huyo wa kaseti.

Nilianza kumcheza mwaka niliofiwa na mume wangu. Kazi zilikuwa chache, na nyumbani sikutaka kurudi mapema. Karani aliniona nimekaa mbele ya cherehani bila kushona chochote, akagonga ukuta. "Fundi, njoo upumzishe mguu wako huo. Kwanza kanawe." Akaniwashia mashine ya kaseti kwa kuwa ndiyo iliyokuwa haina mtu. Miezi minne nilianguka kwenye korongo la tatu. Lile korongo lina jiwe dogo katikati, jiwe linazama ukilikanyaga, na lazima uruke tena kabla halijakwisha. Siku niliyolivuka nilipiga kigelegele mpaka muuza mahindi akaja kuuliza kama kuna harusi. Karani alitikisa kichwa akasema, "Umevuka vizuri. Bahati mbaya umevuka kwenye fifi."

Hebu fikiria. Mtu unahangaika, unafika, halafu unaambiwa ulikofika si mahali. Nilirudi kwenye kibanda changu nikashona kwa hasira siku nzima, na suruali ya watu ikatoka mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake.

Nisimwonee. Hakuwa anabandika maneno ovyo. Kwenye pamba alikuwa na utaratibu wa kuingiza mkono mara tatu: juu ya mzigo, katikati, na chini kabisa. "Juu kila mtu ni msafi," alisema. "Wanaficha chini." Gemu nayo aliipima hivyo hivyo, hatua ya mwanzo, hatua ya katikati, na hatua ya mwisho, mara tatu kila moja, na hakutamka chochote kabla hajamaliza. Alichukua wiki nzima kwa gemu moja. Ukimuuliza siku ya tatu alikujibu, "Mkono bado uko ndani."

Wa mkononi alimsifu kwa jambo ambalo wengine walilichukia. Kioo ni kidogo, korongo unaliona limeshakukaribia, kapu lenyewe linafanana na jiwe. Lakini Karani alisema ukibonyeza, mtu anaruka saa hiyo hiyo, na ukianguka umeanguka mwenyewe. "Haina rangi, lakini haina uongo." Wa kompyuta alikuwa na mlio mmoja unaokera kama mbu, na picha yake haikutembea, ulipofika ukingoni ilifutika yote ikaja nyingine, hivyo ukaweza kuruka kutoka picha moja ukatua kwenye mdomo wa ndege katika picha inayofuata. Karani alilipigia kelele hilo jambo siku mbili. Mwisho alisema ni majani tu, na majani yanachambulika. Aliikariri kila picha na kilichokuwa kinakusubiri upande wa pili, akampa safi.

Wa simu alikuwa mzuri wa kutazama. Maji yanang'aa, kapu lina matunda unayoweza kuyahesabu. Vijana walidhani atampenda. Karani alicheza wiki nzima, akanawa, akaandika fifi. Walipolalamika akanyanyua vidole viwili. "Moja, tangazo linaingia mtu akiwa hewani. Mbili, ukianguka mara tatu wanakuwekea ubao uvuke. Nani kawaomba? Huruma ya bila kuombwa ni dharau."

Na wa kaseti? Alisema ana maji. Neno hilo hilo la pamba. Mchukuzi wa kaseti alitembea kizito, akapaa polepole, akashuka polepole, na wimbo wake ulijikokota. Juu na chini ya picha kulikuwa na mikanda miwili myeusi. "Wamejaza uzito usiokuwepo," alisema Karani. "Hatua tano wamezinyoosha zionekane sita. Haya ni maji, Fundi. Mimi maji nayajua."

Nilimjibu kwamba hata mimi nashona. Gauni moja nikilikata kwenye khanga na nikilikata kwenye kitenge linaanguka tofauti mwilini, na kosa haliko kwenye mkato. Alisikiliza. Akasema hoja ni nzuri ila aliyeileta hajaingiza mkono mara tatu. Tukanuniana wiki mbili.

Kuna watu watakwambia alikuwa mtu mgumu tu, mwenye kupenda kushinda. Hao hawakuwepo siku alipokuja yule mayu wa Dutwa. Mayu ndivyo tunavyomwita mama mtu mzima huku kwetu, na huyu alikuwa mtu mzima kweli, na kuku mwekundu kwapani. Alisimama mlangoni akashangaa zile TV zote.

"Mwadila, Karani."

"Mwadila, mayu." Karani alisimama akapiga magoti kidogo, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mtu. "Kanawe basi, ukae."

Akanawa bila kuuliza kwa nini. Akakaa na kuku wake. Akasema, "Walituambia umeacha kazi. Sasa humu unapima nini?"

"Napima mtu anayeruka, mayu."

"Anaruka vizuri?"

"Inategemea."

Yule mama ndiye aliyenihadithia, akinisubiri nimbane kiuno cha sketi. Msimu mmoja mnunuzi mmoja, ambaye sasa hayupo tena kule, alitaka mizigo ya siku ile iandikwe fifi yote, ainunue kwa bei ya chini, iwe nyeupe isiwe nyeupe. Karani aliingiza mkono kwenye mzigo wa yule mayu mara tatu, akatamka safi kwa sauti, mbele ya foleni nzima. Akaambiwa apime upya. Akapima upya, akatamka safi. Akaambiwa achague. Akafunga kalamu zake mbili, akazirudisha mfukoni, akatembea mpaka barabarani kusubiri basi. "Hakupigana, hakutukana," alisema mayu. "Sisi ndio tuliotukana."

Tangu siku hiyo nilielewa kwa nini neno lake lilikuwa halirudi. Lilikuwa limemgharimu kazi. Mtu aliyelipia neno lake kiasi hicho huwezi kumwomba alibadilishe kwa sababu jirani yake kanuna.

Lakini alikuwa na vituko vyake, na nitakuwa mwongo nikivificha. Yeye aliyewahi kumfukuza kijana kwa kulaumu pedi, siku akianguka mwenyewe aliikagua pedi mbele na nyuma kama daktari. Yeye aliyehubiri uaminifu alijua mlango wa siri kwenye Mchukuzi wa mkononi, unaopita chini ya mto na kuruka hatua nzima, na alipodhani hakuna anayemwona alipita humo. Nilimchungulia juu ya ukuta nikasema, "Karani, huko ni wapi?" Akajibu, "Nakagua tu," na masikio yakawa mekundu, kama masikio ya mtu mweusi yanaweza. Wa simu aliyempa fifi, alimcheza kwenye basi njia nzima kwenda Migato kwa binti yake. Na ingawa alikuwa mzee wa kanisa mwenye tai, Jumapili baada ya ibada alikuja bandani na tai yake hiyo hiyo, akafungua mlango nusu, akasema anakuja kuangalia kama panya wamekula waya.

Mwanafunzi mwenye sare hakumruhusu kamwe, hata mvua inyeshe. "Ukitoa sare, ukimaliza kazi za nyumbani, njoo. Nitakuuliza na jedwali la tisa."

Kazi zangu mimi alizipima pia, nani alimwomba sijui. Nilipomshonea shati lake la kwanza aliligeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye mshono wa kola, akasema fifi. Nililifumua mbele yake kwa hasira. La pili akasema fifi. La tatu alikaa nalo mwangani muda mrefu, akalivaa, akafunga vifungo, akasema, "Inafaa." Nimeshona mashati ya watu wakubwa, wengine wamenisifia mbele ya wake zao, lakini sifa niliyoenda nayo nyumbani nikamwambia binti yangu ni hiyo inafaa ya Karani. Huyo mtu alinifanya fundi bora. Nasema hivyo bila kubanwa na mtu.

Ndiyo maana lile neno la kaseti liliniuma kwa muda mrefu hivyo. Mtu ambaye kusifia kwake ni kwa haki, hata kukosoa kwake unakuamini. Vijana wote wa mjini walichukua ubao wake kama ulivyo. Ukimtaja Mchukuzi wa kaseti walicheka, "Aa, ile yenye maji." Mashine ikasogezwa kona, ikawekewa ndoo juu. Mimi peke yangu nilikuwa naiondolea ndoo wakati wa mchana kazi zikipoa, nikacheza, na kila nilipovuka korongo la tatu nilikuwa na furaha yenye doa.

Mwaka jana binti yangu alikuja likizo kutoka Mwanza. Anafanya kazi ya kutengeneza kompyuta na simu, na anajua asili ya kila kitu. Nilimsimulia ule ubishi kama kichekesho. Hakucheka. Aliuliza, "Ile mikanda miwili myeusi, juu na chini, ipo kweli?" Nikasema ipo. Akanieleza taratibu, kwa lugha ninayoielewa. Gemu ile ilitengenezwa nchi ambayo TV zao huchora picha sitini kila sekunde. Mashine zilizoletwa huku kwetu, kwa sababu ya umeme na TV za huku, huchora hamsini. Kaseti ni ile ile. Ikichomekwa kwenye mashine ya huku inabanwa, inatembea polepole, wimbo unajikokota, na picha haijazi kioo.

"Kwa hiyo maji yapo?" nikauliza.

"Maji yapo, mama. Ila hayako kwenye kaseti. Yako kwenye mashine."

Niliketi chini. Miaka yote ile Karani alikuwa amepima mzigo safi kwa mzani wenye kasoro. Tena yeye, kati ya watu wote.

Wiki hiyo hiyo binti yangu akapata mashine ya aina ya kule gemu ilikotengenezwa, kwenye mitumba ya vyombo vya umeme. Lakini akanishika mkono. "Mama, mwache mzee na neno lake. Mwaka huu kaugua."

Alikuwa ameugua kweli. Mkono wa kushoto ulikuwa umepoteza nguvu, na mguu aliuburuta. Banda lilibaki, ila yeye alikaa tu mlangoni kwenye kiti cha plastiki, kando ya ndoo, akikagua viganja. Pedi hakuweza kuishika tena. Alichobaki nacho ni ule ubao ukutani na sifa kwamba hakuwahi kukosea. Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Nikisema, namvua nguo mzee mbele ya mji. Nikinyamaza, namfanya mtoto, namwekea ubao avuke bila kuomba, kama ule wa simu. Siku ya nne nilitia ile mashine kwenye mfuko wa vitambaa, nikaenda upande wa pili wa ukuta saa nne asubuhi.

"Mwangaluka, Karani."

"Mwangaluka, Fundi. Umebeba nini?"

"Nimeleta mzigo. Nataka upimwe upya."

Aliutazama ule mfuko, akanitazama mimi. Sijui aliona nini usoni kwangu. Akanyoosha mkono wake mzima kuelekea kwenye ndoo. Nikanawa. Naye akasogezewa maji, akanawa, mkono mzima ukiusugua ule mgonjwa.

Nilimweleza kila kitu kama nilivyoelezwa, yale ya hamsini na sitini. Vijana watano waliokuwepo waliacha kucheza. Karani aliagiza mashine ya zamani iletwe kutoka kona na ichomekwe kwenye TV flati, na ya kwangu ichomekwe pembeni yake, na kaseti iwe moja, itolewe huku iwekwe huku. Akavua saa yake ya mkononi akaiweka pajani. "Wewe cheza," akaniambia. "Mimi mkono sina. Nitaangalia."

Tukaanza juu ya mzigo, hatua ya mwanzo. Kwenye mashine ya zamani wimbo ulijikokota kama kawaida na mikanda myeusi ikawepo. Kwenye mashine mpya picha ilijaa kioo chote, na Mchukuzi akatoka mbio. Wimbo nilioujua miaka kumi na zaidi niligundua siku hiyo kwamba ni wimbo wa kucheza ngoma. Kijana mmoja alisema "Ebwana!" Karani akamnyamazisha kwa jicho, akatazama saa, akasema, "Tena." Mara tatu. Kisha katikati ya mzigo, kwenye korongo la tatu.

Hapo nami nikapata changu. Vidole vyangu vilikuwa vimefundwa na mashine ya polepole. Niliruka kwa mazoea yangu, na jiwe likawa limeshazama. Nikaanguka. Mara ya pili nikawahi mno, nikaanguka. Mara ya tatu nikaanguka mbele ya vijana wote, mimi niliyejitapa mtaa mzima.

"Hilo halihusiani," Karani alisema kwa upole ambao sikuuzoea. "Pamba haishuki daraja kwa sababu aliyeibeba kajikwaa. Nimeona anavyoruka. Twende chini kabisa."

Kijana mmoja mwenye mkono mwepesi ndiye aliyetufikisha hatua ya mwisho. Karani aliangalia mara tatu, mwili umeinama mbele, mdomo unahesabu bila sauti. Ilipokwisha alifumba macho. Nje redio ya muuza mahindi iliendelea kuimba. Niliogopa. Nilijuta kuja. Nilitaka kusema kwamba si kosa lake, kwamba hakuna ambaye angejua, ila nilimjua vya kutosha kunyamaza.

Alifumbua macho akasema, kwa ile sauti ambayo foleni nzima ya Dutwa ilisikia:

"Safi. Hii kaseti ni safi. Niliipima na mzani mbovu na sikuukagua mzani. Karani anaanza kwa kukagua mzani. Kosa ni langu."

Kijana mwenye mkono mwepesi akaruka juu achukue kitambaa chenye petroli afute ubao. Karani akamgombeza mpaka akaketi. "Nani kakwambia ufute? Kitabu cha kituo hakifutwi! Unapiga mstari mmoja, neno la kwanza lisomeke, unaandika la pili chini yake, unasaini." Akaomba ubao ushushwe, uwekwe magotini kwake. Akaomba rangi nyeupe. Kwa mkono mmoja, taratibu, alipiga mstari juu ya fifi, akaandika safi, akaandika tarehe ya siku ile, akaweka sahihi yake. Herufi zilitetemeka kidogo lakini zilisomeka. Sijapata kumwona mwanamume akiwa mrefu kama alivyokuwa pale, naye ameketi kwenye kiti cha plastiki.

"Wabeja, Fundi," akasema. Asante hiyo ya Kisukuma hakuitoa hovyo. Kisha akanigeuzia ubao na kunipa brashi. "Daraja likibadilishwa, aliyeleta mzigo naye anasaini. Weka jina lako."

Nikasema, "Karani, niandike tu Fundi, watu wataelewa."

"Hapana. Fundi wako wengi. Andika jina lako, la baba yako na la babu yako."

Vijana walisogea kuona. Nikafuta mkono kwenye gauni, nikachovya brashi, na chini ya sahihi ya Karani nikaandika majina yangu yote matatu, kwa herufi kubwa.